Leo Anayemfuata Chiriku ni Nani?

Taa za barabarani bado zinawaka, lakini Mama Mashuka ameshalowa hadi kwenye viwiko. Amesimama kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha kufulia cha hospitali, buti za mpira miguuni, mbele yake furushi la mashuka lililokazwa fundo. Halifungui kwa pupa. Kwanza analibonyeza kwa kiganja, taratibu, kama anayepapasa tumbo la mtoto mgonjwa.

"Humu huwa mna sindano," anasema bila kugeuka. "Mkasi. Chupa iliyopasuka. Siku moja nilifungua nikakuta meno ya bandia yananichekea."

"Na yeye akayachekea," anadakia mwenzake kutoka upande wa pili wa meza. "Akayasalimia kabisa, shikamoo."

Huyu mwenye maneno wanamwita Shangazi Pasi, kwa sababu chumba cha pasi ni chake na hapendi mtu aingie bila hodi. Asubuhi hii amekuja kusaidia kukunja mashuka yaliyokauka jana. Shuka la wodini ni pana, mtu mmoja haliwezi. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanalivuta, linakaza, kisha wanasogeleana na mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake.

"Nimeshika," anasema Shangazi Pasi.

Hapo ndipo Mama Mashuka anaachia.

Shuka jingine. "Nimeshika." Anaachia. Jingine tena. Ndivyo kazi inavyokwenda hapa. Sakafu haikauki maji, na shuka safi likidondoka linarudi kwenye mashine kuanza upya. Kwa hiyo hakuna anayeachia kwa kukisia, wala kwa kuona tu mkono wa mwenzake umekaribia. Anaachia akisikia.

"Neno hilo nimelisema miaka yote humu ndani," anasema Mama Mashuka, na sauti yake inashuka. "Sikuwahi kulibeba kwenda nalo nyumbani. Na nyumbani ndiko kulikuwa na cha kudondoka."

Mzazi mwenzangu unayesoma, weka chini unachofanya. Habari hii ni ya mama huyu na mumewe na mama mkwe wake, lakini inaweza kuwa yako leo hii saa ya watoto kutoka shule.

Nyumba yao ni vyumba viwili na kibaraza, mwisho wa mtaa, upande huu wa barabara kuu. Shule iko upande ule. Zamani ilikuwa barabara ya kawaida, watu wanavuka huku wanasalimiana. Ikapanuliwa. Sasa magari yanakwenda kwa safu upande huu na kwa safu upande ule, na katikati pamewekwa tuta la saruji, jembamba, la kutosha mtu mzima kusimama akibana miguu. Malori ya mchanga yanapita hapo tangu asubuhi. Daraja la kuvukia kwa miguu lipo, lakini liko mbali, na ngazi zake bibi mwenye magoti mabovu anaziona kama mlima.

Mama Mashuka anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mumewe ni mlinzi wa ghala la saruji. Mara zamu ya usiku, mara ya mchana. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu pale anamwita Bibi, ndiye anayebaki nyumbani. Macho yake yameingia ukungu. Halafu yuko Chiriku, wa darasa la kwanza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kujua kupumzika.

"Huyu alikuwa anaongea hata akipiga mswaki," anasema Bibi. "Povu linatoka na maneno yanatoka."

Ujira wa Mama Mashuka ukiingia, nusu inamezwa na kodi ya vyumba na nauli. Ndiyo maana kila safari katika nyumba ile inafikiriwa mara mbili. Akitoka hospitali anapita sokoni, kutoka sokoni anapita shuleni kumfuata mtoto, kutoka shuleni anapita kusaga, ndipo afike nyumbani. Njia nzima anabeba: kwanza kikapu, kisha kikapu na mtoto, kisha kikapu na mtoto na unga.

Siku moja akaja binti wa utafiti. Alikuwa na viatu vilivyojaa vumbi na adabu nyingi, akabisha, akakaribishwa, akakalia ndoo iliyogeuzwa. Akaeleza kazi yake. Ofisi yao inataka kujua watu wa nyumba moja wanavyogawana shughuli, nani anapeleka mtoto, nani anakwenda sokoni, nani anafuata dawa, kwa sababu hapo ndipo safari zinapozaliwa. Wakishajua, wanatengeneza nyumba ya mfano ndani ya kompyuta. Wanabadilisha kazi moja, kisha wanaangalia nani atasafiri wapi na barabara itajaa wapi.

"Yaani mnatuchezesha kama wanasesere?" Bibi akauliza.

"Siyo ninyi, Bibi. Mfano wenu."

"Huyo bibi wa mfano, magoti yake mazima?"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Ili waelewe, akaomba vikombe. Kikombe cha bati kikawa baba. Kikombe chenye ua kikawa mama. Cha udongo kilichokatika mkono kikawa Bibi. Meza ikawa mji: huku nyumbani, kule hospitali, pale sokoni, hapa shule. Kila kazi ikapewa kitu chake. Kijiko kikawa soko. Kipande cha sabuni kikawa maji. Na soksi moja ya Chiriku ikawa kazi ya kumfuata Chiriku shuleni.

Wakaanza kuvisogeza kama siku inavyokwenda. Kikombe cha bati kikaenda ghalani, kikarudi, kikatulia. Kikombe chenye ua kikazunguka meza nzima, huku na huku, kikikokota kijiko na soksi.

"Kha!" Bibi akasema. "Hiki kikombe kitapasuka kwa kutembea!"

Wote wakacheka. Baba alicheka kidogo, kisha akakitazama kikombe chake kilivyokaa. "Sikuwa najua," anasema sasa. "Unaishi na mtu, unalala naye kitanda kimoja, na hujui kwamba anazunguka hivyo. Nilidhani sote tunachoka sawa."

Binti aliaga akaenda zake. Lakini vikombe vilibaki. Ikawa desturi ya nyumba: kila Jumapili jioni, baada ya kula, wanavipanga. Wiki hii baba yuko zamu ya usiku, basi soksi inakwenda kwake. Wiki ile Bibi magoti yamepoa, basi anachukua kijiko. Safari zikapungua, na nauli nayo ikapungua. Mama Mashuka akaanza kufika nyumbani jua likiwa bado lipo, akakaa kibarazani akanyoosha miguu kama watu wengine.

Chiriku hakupenda jambo moja. Kila mtu alikuwa na kikombe isipokuwa yeye.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe ni soksi," baba yake akamjibu, na nyumba nzima ikacheka.

Soksi haikumridhisha. Akatafuta kikombe kidogo cha plastiki, kile kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, akakiweka mezani jirani kabisa na kikombe cha Bibi, kwa kuwa analala naye. Watu wazima wakakiona wakakiacha. Hakikuwa kinawazuia. Kikazoeleka pale kama doa la chai.

Nisikilize hapa, mzazi mwenzangu. Kosa liliingia kupitia kikombe kile.

Wiki moja mambo yaligongana. Baba alihamishiwa zamu ya mchana. Bibi akawa na siku ya kwenda kliniki ya macho. Jumapili wakapanga: Bibi atampeleka Chiriku shule asubuhi kisha aunganishe kliniki. Mchana baba ataomba ruhusa atoke mapema, amfuate. Soksi ikawekwa ndani ya kikombe cha bati.

"Na mkubwa wako akikunyima ruhusa?" Mama Mashuka aliuliza.

"Hatanyima."

"Akinyima nitakimbia mimi. Nitaomba Shangazi Pasi anishikie, nikimbie."

Chiriku alikuwa chini ya meza akifunga viatu vya mwanasesere. Hakuna aliyemtilia maanani. Alisikia kwamba mama atakimbia, na alikuwa bado anakumbuka maneno ya Bibi kwamba kikombe kile kitapasuka.

Siku ya kliniki ilipofika, Mama Mashuka aliondoka gizani kama kawaida. Baba akatoka nje kuoga. Mtoto akashuka kitandani peku, akaitoa soksi kwenye kikombe cha bati, akaisokomeza kwenye kikombe chake kidogo. Haikuenea. Nusu ikaning'inia nje, pembeni mwa kikombe cha Bibi.

Baba akaingia, akavaa sare, akatupia jicho mezani kama alivyozoea kabla ya kutoka. Soksi haiko kwake. Iko upande wa Bibi.

"Nikajua wamebadilisha," anasimulia. Anazungusha kofia ya kazi mikononi, hamtazami mtu. "Nikajua kliniki imeahirishwa, wanawake wamepanga upya, wamesahau kuniambia. Nikafurahi. Sikulazimika tena kumwomba yule bwana ruhusa. Nilitoka napiga mluzi. Nasema kweli, nilitoka nikipiga mluzi."

Bibi na macho yake yenye ukungu hakuangalia meza. Alikuwa anajua kilichopangwa. Alimvusha mjukuu barabara kuu, akiwa ameongozana na akina mama wengine, akamfikisha getini.

"Nikamwambia, mke mwenzangu, mchana baba yako mwenyewe anakuja kukufuata. Akacheka. Akaziba mdomo kwa mikono miwili akacheka." Bibi anaigiza kwa mikono yake. "Nikadhani anamfurahia baba yake."

Mchana ule Mama Mashuka hakuharakisha. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alipita sokoni bila kutazama jua, akachagua nyanya moja moja, akabishana bei kwa raha zake. Alipofika nyumbani alimkuta Bibi amerudi, amekaa kibarazani, amefungwa bandeji jicho moja, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Hawajafika?" akauliza.

"Wako njiani. Unamjua mumeo, atakuwa amemnunulia mtoto maji ya barafu wanatembea wakiyafyonza."

Wakacheka. Mama Mashuka akaingia ndani kubadilisha nguo. Akatoka. Akakata vitunguu. Akatazama njia. Akarudi kwenye vitunguu.

Kisha mumewe akatokea kwenye kona ya mtaa. Anatembea polepole, mkono mmoja una mfuko wa mkate.

Mkono wa pili ulikuwa mtupu.

"Niliutazama ule mkono," anasema Mama Mashuka. "Sikumtazama usoni. Nikawa nautazama mkono tu, nikisubiri mtoto atokee nyuma yake. Chiriku ana mchezo wa kujificha nyuma ya baba yake. Nikasema moyoni, sasa hivi atachungulia. Sasa hivi."

Hakuchungulia mtu.

"Chiriku yuko wapi?" aliuliza.

"Si yuko na Mama?"

"Mimi?" Bibi akasema, na beseni likapinduka. "Mimi natoka kliniki! Si ulikuwa naye wewe?"

Watu watatu wamesimama kwenye kibaraza kilicholowa, kila mmoja anamtazama mwenzake, na kila mmoja mchana kutwa alikuwa na amani kwa sababu mtoto yuko na yule mwingine.

Walikimbia. Bibi naye alikimbia, na magoti yake, na jicho moja, mpaka majirani wakamshika kwenye kona wakamkalisha.

Geti la shule lilikuwa limefungwa. Bawabu alikuwa anamwagilia maua.

"Yule mwenye maneno mengi? Ametoka zamani na wenzake. Nilimuuliza, leo nani anakufuata? Akaniambia, leo najifuata mwenyewe." Bawabu akatabasamu, kisha akaziona nyuso zao, na mpira wa maji ukaanza kumwagikia viatuni mwake. "Nilijua ni utani. Huyo mtoto kila siku ana utani."

Kutoka shuleni kwenda barabara kuu kuna njia mbili. Baba akashika moja, mama akashika nyingine. Mama Mashuka anasema alikuwa anaita jina la mtoto lakini sauti haitoki, inatoka pumzi tu. Alipita kwenye mtaro mkubwa uliochimbwa na watu wa barabara, akainama, akatazama maji meusi yaliyotuama. Kulikuwa na kiatu. Akashuka mpaka magotini akakitoa. Kilikuwa cha mtu mzima.

"Nilikibusu," anasema. "Kiatu cha watu, kinanuka, nikakibusu kwa kuwa si chake."

Alipokaribia barabara kuu alisikia breki. Breki ndefu, kisha kishindo, kisha watu wakaanza kukimbilia upande mmoja. Alisogea kwa kushika ukuta wa duka. Akaingia katikati ya watu akisukuma kwa viwiko, na kila aliyemsukuma alimwona mrefu kama nguzo. Chini barabarani palikuwa pametapakaa mabeseni ya plastiki, mekundu na ya bluu. Mchuuzi alikuwa amekaa juu ya lami anamtukana dereva. Alikuwa mzima. Mabeseni ndiyo yaliyokufa.

Aliinua uso kuvuta pumzi. Ndipo akamwona.

Katikati ya barabara, juu ya lile tuta jembamba la saruji, alikuwepo mtoto mwenye sare ya shule, amekumbatia nguzo ya kibao cha barabarani kwa mikono na miguu. Alivuka nusu. Nusu ya pili ilimshinda, na kurudi nako kulimshinda. Malori yalikuwa yanapita mbele yake na nyuma yake, na kila moja lilipopita, sketi yake ilipepea kuelekea upande lilikokwenda.

Ng'ambo alikuwepo mwanamke anayeuza maji ya chupa. Alikuwa ameacha biashara yake chini, amesimama ukingoni, mikono juu, anapiga kelele mpaka sauti imekauka: "Usisogee, mama! Nitazame mimi! Usiangalie gari, nitazame mimi tu!"

Muuza maji huyo bado yupo pale. Nilipomwendea hakutaka kusifiwa. "Nilijaribu kuvuka mara kadhaa nikashindwa, gari hazikatiki. Nikajua nikimwondolea macho atashuka. Basi nikamshikilia kwa macho. Watu wanakuja, dada maji, dada maji, nawaambia chukueni, wekeni hela chini, msinisemeshe." Anafuta chupa kwa kanga. "Tangu siku ile nikiona mtoto peke yake hapa naacha chupa, namshika mkono."

Baba ndiye aliyevuka. Alitokea kwa njia ile nyingine, akavua koti la sare, akalipunga mbele ya lori, na lori likasimama likiwa karibu kiasi kwamba anasema alisikia joto la injini kifuani. Akamfikia mtoto. Mikono ya Chiriku ilikataa kuachia nguzo. Ilibidi aibandue kidole kimoja kimoja.

Alipofikishwa kwa mama yake mtoto hakulia. Aliuliza swali moja.

"Kikombe chako hakijapasuka?"

Mama Mashuka hakuelewa. Hakuna aliyeelewa, mpaka waliporudi nyumbani wakaikuta soksi ikining'inia kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi.

Baada ya hapo Chiriku alinyamaza. Alikula, alilala, alikwenda shule, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Bibi alimtania, mke mwenzangu nimekukosea nini, akamtazama tu. Mwalimu aliwaita wazazi, na mimi nilipomwendea akaniambia yale yale aliyowaambia wao: mtoto anaandika vizuri, ila akisikia gari kubwa nje anashika mguu wa dawati na hauachii mpaka lipite. Sasa ameanza kurudisha neno moja moja. Siyo yale ya zamani.

Nilimtafuta yule binti wa utafiti kwa simu. Nilimsimulia yote.

"Kwenye mfano wetu, mtoto wa umri ule hana kikombe," akasema. "Anahesabiwa pamoja na mtu mzima anayemsindikiza. Tunaangalia nani atamfuata. Hatukuwahi kuweka kwamba mwenyewe anaangalia meza, anapanga na yeye." Kisha akaniomba radhi akate simu. Alikuwa na mtoto wake wa darasa la kwanza, alitaka kupiga nyumbani.

Namwelewa. Nami nilipotoka kwa Mama Mashuka siku ya kwanza nilipita shuleni kwa wanangu, wakati muda wa kutoka ulikuwa bado, nikachungulia dirishani nikaona vichwa vyao, ndipo nikaenda zangu. Cheka ukitaka.

Vikombe havipangwi tena katika nyumba ile. Vimerudi kuwa vya chai. Lakini kazi bado zinagawanywa, kwa sababu lazima zigawanywe. Mama Mashuka hataki kurudi kuzunguka mji mzima peke yake, na mumewe hataki arudi huko. Wanachokigawana sasa wanakigawana kwa mdomo.

Neno limetoka kwenye chumba cha kufulia. Anayempokea Chiriku anamshika mkono, siyo mkoba wala kola, na anatamka: "Nimeshika." Asipotamka, mwenye mtoto haachii. Ikibidi mpango ubadilike katikati ya siku, yule mwenye zamu ya kumfuata habadilishiwi kwa kuachiwa kitu mezani wala kwa kupelekewa salamu. Anapigiwa simu, na asipopokea, mpango haujabadilika.

Mwanzoni baba aliona haya, mwanaume na sare yake anasema "nimeshika" mbele ya geti la shule. Wenzake wakamtania, wewe umeshika nini, bunduki? Aliwasimulia yaliyotokea. Hawakumtania tena. Bawabu wa shule naye amelichukua neno, hamtoi mtoto getini mpaka alisikie kwa mtu mzima.

Lakini hofu haijaondoka, na nisingependa nikudanganye hapa. Hospitali imetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao chumba cha kufulia kitakuwa na zamu mbili, na Mama Mashuka amepangiwa ya mchana mpaka usiku. Maana yake saa ya watoto kutoka atakuwa mbele ya mashine. Mumewe akiwa zamu ya usiku atalazimika kuamka katikati ya usingizi wake akamfuate mtoto. Akiwa zamu ya mchana, amebaki Bibi, na macho ya Bibi lori la mbali na la karibu yanayaona mamoja.

Amekwenda kwa msimamizi wa zamu kuomba abaki asubuhi. Msimamizi alimjibu kwa upole kwamba kila mmoja pale ana mtoto.

"Ni kweli, kila mmoja anaye," anasema. "Ndicho kinachonitisha. Nikihamishwa mimi au akihamishwa mwingine, kuna mtoto mahali ambaye mkono wake unabadilishwa."

Shangazi Pasi amejitolea wabadilishane. Yeye wake ni wakubwa, wana ndevu. "Nitachukua huo mchana wake," anasema, akipuliza mvuke. "Nyumbani kwangu wananifuata mimi siku hizi." Msimamizi hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Mpango wa familia ni mmoja: kuhamia upande ule wa barabara, upande wa shule. Wamekubaliana wakipata hata chumba kimoja watakichukua, wabanane. Bibi ameshasema yeye atalala hata jikoni. Vyumba vya kule ni ghali kwa sababu kila mzazi anavitaka kwa sababu hiyo hiyo. Jumapili jioni, badala ya vikombe, wanavuka barabara wote wanne kwa daraja la mbali, Bibi akipumzika kila ngazi chache, wanakwenda kugonga milango ya watu na kuuliza kama kuna chumba.

"Najua siku itafika atajifuata mwenyewe," anasema Mama Mashuka. "Atakua. Siwezi kumshika mpaka aolewe. Ila nataka siku hiyo iwe mimi niliyemwambia sasa unaweza. Isiwe yeye amejipa kazi kwa kunihurumia."

Nilikuwa nao asubuhi ya mwisho ya kuwatembelea. Haikuwa zamu yake, kwa hiyo alimpeleka mtoto mwenyewe mpaka mwanzo wa ngazi za daraja. Mumewe alikuwa anatoka usiku wa kazi. Angempokea hapo, ampandishe, amfikishe shule. Kando yetu malori yalikuwa yameshaanza, ardhi inatetemeka kidogo kila linapopita moja. Chiriku hakuwa anasema kitu. Alikuwa anatazama mikono.

Baba akashuka ngazi ya mwisho, akainama, akaukamata mkono wa kulia.

"Nimeshika," akasema.

Mtoto akavuta pumzi. Akakaza vidole vyake vidogo kwenye kidole gumba cha baba yake, akamgeukia mama, na kwa sauti ambayo nusu yake ilimezwa na lori, akasema, "Na mimi nimeshika."

Mama Mashuka amewasikia wote wawili. Anaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Mkono wa kushoto wa Chiriku bado hajauachia.